Umeme Uliovuja Maji

Jairos Mudenda hakuwa na gari, hakuwa na mke tangu yule wa pili arudi kwao Monze, hakuwa na shahada, hakuwa na adui anayemjua, na hakuwa na mabeseni ya kutosha. Mabeseni ndiyo yaliyomsumbua. Saa moja kasorobo jioni, mwezi wa kumi, alikuwa jikoni kwake Lusaka akisogeza sufuria ya nshima, ugali wa huko, chini ya balbu, kwa kuwa umeme wa bwawa ulikuwa umeanza kuingia na balbu zilikuwa zimeanza kudondosha maji.

Ulikuwa mwaka wa tatu wa ukame, na umeme ulikuwa ukifika mjini pamoja na asili yake. Ule wa makaa ya mawe uliacha masizi kwenye vikombe. Wa dizeli uliyatia maziwa harufu. Wa jua ulikausha kila kitu, hata mkate ndani ya kabati. Wa bwawa ulivuja. Wateja walilalamika, na kampuni ikawaahidi kwamba utachanganywa kwa uangalifu zaidi. Mchanganyaji alikuwa Mudenda. Kila wiki alipanga ratiba: makaa alfajiri, jua kuanzia saa nne hadi saa tisa, maji jioni, watu wote wanapopika, kwa sababu mitambo ya maji huamka upesi. Wanawake waliibandika ratiba hiyo jikoni, wakajua saa ya kuanika na saa ya kukinga.

"Hodi humu! Mbuzi yumo, au keshaliwa?"

"Yumo. Ingia, fisi, na ufunge mlango. Usiniletee inzi wako."

Alikuwa Bina Luyando, yaani Mama Luyando, kutoka bondeni alikozaliwa Mudenda. Ukoo wake ni wa fisi na wa Mudenda ni wa mbuzi, hivyo walikuwa watani. Alikuwa amesafiri kwa basi siku nzima akiwa na madumu mawili matupu. Alitazama balbu, akakinga tone kwa ulimi.

"Haya ya kwetu," alisema. "Ya pale kwenye kona ya mto, Simoonga. Nimeyachota tangu sijaota matiti." Akaweka dumu la kwanza chini ya balbu. "Sisi tunachimba kokoto mtoni tukitafuta maji, kumbe mto umehamia kwako."

"Haujahamia. Unapita tu."

"Hata mwizi hupita tu."

Mudenda alicheka, kama utani unavyotaka. Kisha akampakulia nshima na dagaa wa kapenta, wakala huku dumu likijaa.

Kule bondeni, zahanati ilikuwa chini kabisa ya nyaya kubwa za bwawa. Mlingoti mmoja ulikuwa umekanyaga shamba la mahindi la muuguzi. Nyaya zilipita juu ya bati bila kushuka. Miaka kumi na tisa nyuma wanakijiji waliomba umeme, na kampuni ikampa fomu Mudenda, mtoto wa huko, aijaze. Palipoulizwa ni nyumba ngapi zingehitaji umeme, aliogopa ofisi isije ikasema anawapendelea ndugu zake. Aliandika: hakuna. Akasifiwa mbele ya wenzake kwa uadilifu. Tangu siku hiyo kila ombi la kijiji lilijibiwa kwa kunukuu fomu ile.

Mwaka juzi Luyando, binti wa huyu mama, alifia zahanati hiyo akijifungua, pale simu iliyokuwa ikimmulika ilipozimika. Watani ndio wanaochimba kaburi na kuwachekesha wafiwa. Mudenda hakwenda. Alituma mfuko wa unga na salamu.

"Hukuja kumzika mwanangu," alisema Bina Luyando akinawa. "Nimekuja kukutoza."

Mtani aliyekosa msiba hutozwa chochote, naye hakatai.

"Chukua redio."

"Nikaichomeke wapi, kwenye kisogo changu? Nataka barua. Uwaandikie wakubwa wako kwamba kwenye fomu ile ulidanganya. Naondoka Alhamisi, nayo naipeleka posta mwenyewe."

Mudenda alicheka tena. Bina Luyando hakucheka.

Ilikuwa Jumatatu. Mudenda alikuwa amebakiza miezi mitano astaafu, na anayekiri kujaza fomu kwa uongo hufukuzwa bila kiinua mgongo. Jumanne saa sita mchana, umeme wa jua ulipojaa ofisini na karatasi zikakauka hadi zikajikunja, alikuwa na nafasi. Alichonga penseli. Jumatano saa sita alikuwa na nafasi pia. Alipanga mafaili yaliyokuwa yamepangwa.

Jumatano saa moja jioni aliketi mezani kwake, chini ya balbu, na karatasi yenye nembo ya kampuni na kalamu ya wino. Aliandika kila kitu: mwaka, fomu, neno aliloliandika na sababu yake, zahanati, simu iliyozimika. Hakufuta neno. Maishani mwake hakuwahi kuandika barua nzuri kama ile. Matone yaliangukia mstari baada ya mstari. Meza ilikuwa nyepesi; mtoto angeweza kuisogeza. Mudenda aliendelea kuandika palepale hadi akatia saini, na saini nayo ikaenda na maji. Ilibaki nembo tu, imepigwa chapa.

Bina Luyando alikuwa mlangoni akikaza kifuniko cha dumu la pili.

"Umeandika yote?"

"Yote."

"Hata jina la mwanangu?"

"Hata jina lake."

"Basi leo mbuzi kawa mtu."

Alfajiri, masizi yakianguka taratibu juu ya vikombe, Mudenda aliikunja karatasi iliyokwisha kukauka, akaitia ndani ya bahasha na kuifunga kwa gundi. Anwani aliiandika kwa penseli, kwa kuwa penseli haifutwi na maji. Bina Luyando aliipokea kwa mikono miwili, akaichomeka kifuani, akajitwika dumu moja na kushika jingine. Alipitia posta kabla ya kupanda basi, akaisukuma ndani ya sanduku mpaka vidole vyake navyo vikaingia.