Nyumba Inayohamishika

Jumamosi ya kwanza baada ya kununua ploti yake Naro Moru, Mwalimu Nasirumbi alifika na mapazia mapya mkononi, akakuta wanaume kumi na wanane wameizunguka nyumba. Walikuwa wakipitisha nguzo za mkaratusi chini ya sakafu. Katikati yao alisimama Mzee Mutahi, aliyemuuzia, akionyesha nani ashike wapi.

Nasirumbi alikuwa amepanga chumba kimoja Gatitu kwa miaka kumi na mmoja. Ploti hii aliipendea nyumba: vyumba vitatu vya mbao, veranda, na dirisha pana linalotazama mlima. Akamuuliza mzee anafanya nini.

"Nahamisha nyumba," Mutahi alisema. "Binti yangu Wendy amenipa nafasi kwake, hapo juu kidogo."

Mzee mwenyewe alishangaa kuona mwalimu ameshangaa. Alikuwa seremala, nyumba aliijenga kwa mikono yake, na tangu ujana wake alijua kwamba nyumba ya mbao hubebwa mwenyewe akihama. Alikotoka Nasirumbi, upande wa Bungoma, nyumba zilikuwa za udongo na hazikuwahi kumfuata mtu.

Kila mmoja alitoa nakala yake ya mkataba. Nasirumbi alionyesha kifungu cha pili: ardhi inauzwa pamoja na majengo yote. Mutahi alionyesha kifungu cha saba: muuzaji ataondoa mali yake yote inayohamishika. Wabebaji walichoka kusikiliza wakaketi nyasini, na Nasirumbi, kwa kukosa la kufanya, akawapikia chai katika jiko lile lile lililokuwa likigombaniwa.

Jumatatu walikwenda Nyeri kwa wakili Nyawira, wakiwa na Moffat, broka aliyeandika mkataba. Moffat alikiri kwamba aliunakili kutoka kwa mauzo ya nyumba ya mawe kule Sagana, akabadilisha majina tu.

Nyawira aliusoma mara mbili. Akauliza nyumba imekalia nini. Mutahi akamwambia imekalia mawe, bila simiti wala msumari.

"Basi ni jengo, na pia inahamishika. Nyote wawili mko na haki, na hiyo ndiyo shida," wakili alisema. Kortini kila upande ungekuwa na la kusema, na kesi ingechukua miaka.

Nasirumbi alikuwa amejiandaa kubishana. Badala yake alimuuliza mzee kwa nini asijenge nyingine huko kwa binti yake, na fundi ni yeye.

Mutahi alijibu: "Macho yangu yamepungua, Mwalimu. Ndani ya hiyo najua kila mlango hata kukiwa na giza. Kwa mpya nitakuwa mgeni."

Nasirumbi alihisi hasira ikimtoka. Akasema mzee aichukue, lakini amjengee nyingine kama hiyo, veranda iwe pana zaidi. Mutahi alikubali kabla mwalimu hajamaliza, akasema mafundi wake wawili watapima naye atasimamia.

Safari hii Nyawira aliandika mkataba kwa Kiswahili, si kwa Kiingereza kama ule wa kwanza, akisoma kila sentensi kwa sauti. Walikwama kwenye neno "ifanane". Mutahi alitaka kujua kama na ule ubao wa sebuleni unaolia ukikanyagwa uwemo. Wakacheka, ubao ukaachwa nje ya mkataba. Nasirumbi naye aliongeza kifungu kimoja: nyumba mpya ishikwe na simiti, na isihamishwe na mtu yeyote.

Jumamosi iliyofuata nyumba ya zamani ilipanda mteremko taratibu juu ya mabega ya watu. Moffat alipewa kona nzito kuliko zote. Nasirumbi alitangulia akiwaonyesha mitaro, na Mutahi alifuata nyuma na mlango begani, akiwaimbia wabebaji hatua.

Nyumba mpya ilikamilika Agosti. Asubuhi ya kwanza Mutahi na Wendy waliteremka na chupa ya chai, wakanywa na mwalimu kwenye veranda, wakimwelekeza mahali pa kupanda mboga.