Ndege ya Chumba cha Nyuma

Usiku wa kuamkia leo nimeota nabandika bawa la juu la ndege yangu, na bawa la chini likakohoa.

Halikukohoa kwa nguvu. Lilikohoa kama mtu aliye kwenye foleni anayetaka wa mbele yake asogee. Nikaliuliza lina nini. Likasema nimelibana.

Niseme kwanza habari ya hiyo ndege, maana ipo kweli. Mimi naitwa Kaanaeli, ni fundi miwani hapa Moshi. Tangu mwaka jana nimekuwa nikiunganisha mfano wa ndege ya zamani, ile aina yenye mabawa mawili yaliyopandana kama vitanda vya bweni. Ilikuja vipande vipande ndani ya boksi: mbao nyepesi, nyaya, kitambaa cha kufunika mabawa, na rubani mdogo wa plastiki. Si ndege ya kuweka juu ya kabati. Bawa lake linatoka karibu na mlango hadi dirishani, kwa hiyo imechukua chumba cha nyuma chote. Mama mkwe wangu, aliyehamia kwetu baada ya upepo kung'oa paa la nyumba yake kule Usangi, analala kwenye kochi sebuleni.

Basi bawa likasema nimelibana. Nikajibu kwamba lazima nikandamize kidogo ili gundi ishike. Bawa likaniomba nisome maelekezo. Nikasoma. Yaliandikwa: usitumie nguvu.

Hapo hapo nguvu zikaniishia. Sikuanguka, ila mkono ukabaki juu ya bawa kama kitambaa kilichoanikwa. Nikajaribu kuinua kibano cha nguo ninachotumia kushikilia mbao. Kikanizidi uzito.

"Sasa umeelewa," likasema bawa, likaacha kukohoa.

Rubani wa plastiki alikuwa ameketi juu ya kifuniko cha gundi. Hana miguu kuanzia magotini, kwa sababu waliomtengeneza walijua itafichwa ndani ya ndege. Akaniuliza kama nimesoma na ubavuni mwa boksi. Ubavuni mwa boksi pameandikwa kwamba mtoto asimamiwe na mtu mzima.

Nikamweleza kwamba mimi ni mtu mzima. Nina mke, nina ndevu, nina duka lenye jina langu mlangoni. Rubani akasikiliza mpaka mwisho, kisha akanitazama kuanzia kiunoni kwenda chini. Nami nikajitazama. Nilikuwa nimevaa kaptura ya shule ya msingi, ile ya kaki, na ilikuwa inanibana.

"Ita mtu mzima," akasema.

Nikamwita mke wangu, Aikande. Akafika mlangoni na ndoo ya nguo, akasema kwa upole kwamba yeye ameshasimamia vya kutosha mwaka huu, akaondoka. Sikumlaumu. Hata katika ndoto nilijua anasema kweli.

Ndipo akaingia mama mkwe.

Sijui kwa watu wengine, lakini kwetu mkwe haonekani na magoti mbele ya mama mkwe. Nikavuta kaptura kwenda chini, ikapanda. Nikachutama nyuma ya mkia wa ndege. Mama akajifunga kitenge vizuri, akatafuta pa kukaa, akaona viti vyote vimewekewa vipande vya mbao vinavyosubiri kukauka. Akakaa chini sakafuni. Akasema amekuja kusimamia, niendelee tu, yeye hatasema kitu.

Sasa nasubiri gundi ikauke. Maelekezo yanasema subiri, na kila kitu kinasubiri. Nje nguo za Aikande zimesimama kwenye kamba zikiwa zimepeperushwa nusu. Jogoo wa jirani amefungua mdomo, hajawika. Mama anasubiri vizuri kuliko sisi wote. Amezoea.

Kisha mvua ikaanza kunyesha. Nje jua lilikuwa kali. Mvua ilikuwa chumbani tu.

Nikatazama juu. Paa likasafisha koo.

"Nilisikia umesema ninavuja," likasema. "Mimi mwenyewe nilikuwa sina habari. Lakini wewe ndiye mwenye nyumba, huwezi kusema uongo. Nimejitahidi."

Hapa inabidi nitoke ndotoni kidogo. Siku aliyofika Mama na begi lake na mto wake, nilimwambia chumba cha nyuma kinavuja. Nilisema hivyo mlangoni, kabla hajavua viatu, kwa sababu ndani mbavu za bawa zilikuwa zimetandazwa kitanda kizima na sikutaka kuziondoa. Mama hakuuliza. Ametoka kwenye nyumba isiyo na paa, hivyo kuvuja ni jambo analolijua. Tangu hapo kila mvua ikianza anainuka kwenye kochi, anachukua beseni jikoni, anaenda kuliweka chumba cha nyuma, chini ya pale anapodhani maji yatapita, ili ndege yangu isilowe. Asubuhi analikuta kavu. Anasema mvua haikuwa kubwa, anashukuru Mungu, analirudisha jikoni. Nimemwona akifanya hivyo masika yote. Nimekuwa nikigeuka upande wa pili.

Katika ndoto pia alileta beseni. Akalitega, maji yakaanza kulia ndani yake, na akaniomba radhi kwamba leo amechelewa.

Ningetaka kuamka pale. Sikuamka.

Badala yake kuta zikaondoka, moja baada ya nyingine, kama wageni wanaoaga. Tukawa kwenye uwanja wa nyasi, milima ya Upare iko mbele yetu, na ndege imekuwa kubwa ya kupanda watu. Gundi yangu ilionekana vizuri sana kwa ukubwa ule. Kila mahali nilipofanya haraka palikuwa na donge la kiasi cha kichwa cha ng'ombe. Kandokando ya uwanja walikuwa wamekaa wateja wangu, kwenye mabenchi, kila mmoja na miwani niliyomtengenezea. Walikuwa wananiona vizuri, mimi na kaptura yangu, hata wale wa benchi la nyuma kabisa. Kwa mara ya kwanza nilijuta kuifanya kazi yangu vizuri.

Rubani akatangaza kwamba ndege haiwezi kuruka kwa sababu mkia wake ni mzito. Maelekezo yanataka uwekwe uzito puani mpaka ndege isawazike. Ikaletwa mizani. Tukajaribu cherehani ya Aikande, haikutosha. Tukajaribu jiwe la kusagia, halikutosha. Rubani akasema nipande mimi. Nikapanda. Sahani ya mizani haikutikisika.

"Huyu hana uzito wowote," mizani ikasema, bila ubaya. "Lakini kuna kitu amekibeba. Mwambieni akitoe."

Nikauliza ni kitu gani, ingawa nilikijua. Mizani ikasema ni lile neno nililomwambia Mama mlangoni. Nilitoe kama lilivyo.

Watu wote wananitazama. Mama amesimama karibu na gurudumu, anapangusa tope kwenye mpira wake kwa pindo la kitenge. Ninafungua mdomo.

"Chumba cha nyuma kinavuja, Mama," nikasema.

Likaanguka. Lilikuwa kitu cheusi, laini, cha ukubwa wa kiazi, na kilipogusa sahani mizani ikashuka mpaka ikaingia ardhini. Benchi la mbele wakainua miguu. Rubani akakiviringisha mwenyewe kwa mikono miwili mpaka puani mwa ndege, akakigongomea ndani. Ndege ikasawazika. Ikakaa sawa kabisa, nzuri kuliko nilivyowahi kuiwazia, na sikuweza kuifurahia hata kidogo.

Mama aliacha kupangusa gurudumu, akatazama shimo lililoachwa na mizani.

"Kumbe hakivuji," akasema.

"Hakivuji, Mama."

"Tangu lini?"

"Tangu kijengwe."

Akafikiri. Nilingoja anikaripie, na ningeshukuru. Hakunikaripia. Alisema jambo moja tu, polepole, kama anayejisemea mwenyewe.

"Basi ningelala chali. Kwenye kile kochi mtu halali chali."

Paa, ambalo sikujua kama lilitufuata hadi uwanjani, likasema hata lenyewe linaona aibu.

Rubani akaingilia kati. Alisema ndege iko tayari lakini yeye hawezi kuirusha, kwa kuwa pedali ziko chini na yeye miguu hana. Akanigeukia mimi. Nilitaka kusema nitapanda, ila maelekezo yalikuwa wazi kwamba mtoto asiachwe peke yake na mashine. Mtu mzima pale alikuwa mmoja.

Mama akavua kandambili, akazipanga kwenye nyasi, akakanyaga bawa la chini, akaingia. Bawa halikukohoa. Akaniomba, kwa adabu ileile anayoniombea chumvi mezani, nimzungushie pangaboi la puani mwa ndege. Nikasogea na kaptura yangu mbele ya watu wote, nikashika pangaboi, nikakumbuka kwamba sina nguvu. Basi nikalisihi. Nikaliambia tafadhali. Likazunguka.

Ndege ikaenda ikiruka na kutua, kutua na kuruka, kisha haikutua tena. Ikapita juu ya mabenchi, ikageuka upande wa Usangi. Mama hakupunga mkono. Nadhani alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili. Mimi nikabaki nimesimama karibu na kandambili, na wateja wangu wakaanza kuvua miwani, mmoja mmoja, wakaikunja na kuiweka mifukoni. Nilielewa kwamba wananihurumia, hawataki kuniona zaidi. Hilo likanichoma kuliko kutazamwa.

Nikaamka. Kulikuwa kumepambazuka. Aikande alikuwa ameshainuka.

Sikunywa chai. Nilienda moja kwa moja chumba cha nyuma na kuishika ndege ili niitoe, na hapo nikakutana na jambo ambalo nilikuwa nimelikwepa kwa muda mrefu: nilikuwa nimeiunganisha humo humo, na kwa mlango ule haiwezi kupita. Niliijaribu kwa ubavu. Niliijaribu kwa pua. Nikachukua msumeno mdogo, nikalikata bawa la juu katikati, kisha la chini. Mbao nyepesi hukatika haraka. Kazi ya mwaka mzima iliisha kabla maji ya chai hayajachemka.

Aikande alikuja mlangoni akakuta nimekumbatia nusu ya ndege. Alirudi na shuka safi, akaanza kutandika kitanda, na nilipopita na ile nusu nyingine akanishikia mlango.

Vipande nikavipeleka kibandani, pamoja na majembe. Halafu nikaenda sebuleni.

Mama alikuwa amekaa kwenye kochi, blanketi limeshakunjwa, anakunywa uji. Nilisimama mbele yake, nikiwa na suruali ndefu safari hii. Nilimwambia kwamba tumemtandikia chumba cha nyuma. Nikamwambia kwamba hakivuji, na hakijawahi kuvuja, na kwamba nilisema vile kwa sababu ya ndege. Nilisema yote bila kupumua, nikitazama kikombe chake.

"Najua, baba," akasema.

Nikafikiri Aikande amemwambia. Nikainua macho kumtazama. Mama havai miwani. Nimempima mwenyewe, anaona mbali vizuri kuliko mimi. Lakini kuzunguka macho yake, kwenye mashavu na juu ya nyusi, kulikuwa na alama mbili za duara, zimeingia ndani ya ngozi, bado nyekundu. Ni kazi yangu kujua alama za namna hiyo. Miwani ya kawaida huacha alama puani. Hizi huachwa na miwani mikubwa ya kuzuia upepo, ile ya mkanda, ikikazwa kichwani kwa muda mrefu.

Akapuliza uji.

"Mabati ni mazima," akasema. "Ila moja lina kutu, lile la nyuma ya tangi la maji. Ukiwa chini hulioni."