Kitabu Alichokikosa Shangazi

Katika saluni ya shangazi, anayesukwa ndiye anayesoma. Mikono yetu imeshikwa na nywele, yake iko huru, basi anapewa kitabu atusomee kwa sauti mpaka kichwa kiishe. Tumemaliza riwaya nyingi kwa mtindo huo, tukilia na kucheka juu ya vichwa vya watu.

Ila ile riwaya kuu, inayosifiwa na kila mtu, hatukuwahi kuigusa. Shangazi aliachishwa shule wiki ileile darasa lake lilipoanza kuisoma. Tangu hapo wenzake wakiitaja, yeye hunyamaza. Aliamini humo mna kitu ambacho wenzake wanacho na yeye hana. Jambo hilo liliniuma, nikaitafuta kwa wauza vitabu wa barabarani nikamletea. Alifuta mikono kabla ya kuipokea.

Nesi, mteja wetu wa siku zote, akakalia kiti, akaanza. Sura ya kwanza, shujaa anachungulia dirishani. Ya pili, bado anachungulia. Ya tatu mvua ikanyesha, nikapata matumaini, kumbe anaota. Nilitamani kumsukuma nje mwenyewe. Lakini shangazi alikuwa ameinama, kimya, anasuka. Niliogopa. Nikisema kinachosha, nitamnyang'anya kitu alichokitamani maisha yake yote.

"Kitamu, eh?" nikasema. Mungu anisamehe.

"Sana," akajibu nesi, akipiga mwayo.

Nesi alipoinuka akanywe maji, shangazi akavutwa nyuma yake, macho ndiyo kwanza yanafunguka. Alikuwa amesinzia wima, na kamba ya aproni yake ameisuka ndani ya nywele za nesi.

Shangazi akaitazama ile kamba, akaanza kucheka, akacheka mpaka akainama, na nesi, akivutwa nywele na ile kamba, akalazimika kuinama naye.

"Yaani hiki?" alisema akijifuta machozi. "Miaka yote najiona mjinga kwa sababu ya hiki?"

"Pole, shangazi."

"Pole ya nini, mwanangu? Sikukosa kitu." Akarudia polepole. "Sikukosa kitu."

Siku hiyo alisuka huku anaimba.

Wiki iliyofuata alikuja mmoja wa waliosoma naye darasa lile. Alipokiona kitabu mezani, akaanza kukisifia. Safari hii shangazi hakunyamaza.

"Hicho kilinilaza nimesimama," alisema, akimfunga taulo shingoni.

Mwenzake akatazama mlangoni, akashusha sauti.

"Kumbe na wewe?"