Kizingiti Kiko Makaburini

Nyundo alilala chali chini ya gari, akagonga sakafu kwa mpini wa bisibisi na kusikiliza. Ngi. Akasogea nusu shubiri. Ngi. Akasogea tena. Du.

"Hapa pameoza!" alipaza sauti.

"Wapi?" aliuliza Mjomba, kaka wa mama yake na mwenye gereji.

"Chini ya kiti cha dereva. Kutu imekula sakafu, imekula kizingiti cha mlango, sasa inatafuta miguu ya dereva."

Lilikuwa gari la rangi ya maziwa, kuukuu kuliko mama yake Nyundo, na kwa nje liling'aa kama bwana harusi. Mwenyewe, mtu mmoja waliyemwita Mkurugenzi, alilileta jana. Jumamosi kungekuwa na msafara wa magari ya kizamani, na wajukuu zake watatu wangepanda nyuma. Alitia saini karatasi ya kazi, saini yenye mkia mrefu kama wa panya, akaenda zake.

Nyundo alichokonoa kizingiti, ule ubavu wa chini mtu anaouvuka akiingia garini. Puti ya kuzibia matundu ikabanduka kama ganda la yai. Ndani akakuta magazeti. Fundi fulani wa zamani alikuwa amejaza magazeti kwenye tundu, akapaka puti juu, akapiga rangi, akalipwa.

"Mjomba, njoo usome habari za mwaka nilioanza shule."

Mjomba alichungulia, akatema mate pembeni. "Kata."

Katika gereji ile sheria ilikuwa moja: kata mpaka lilie. Unakata kutu, unagonga. Bati likinung'unika, unakata tena. Unasimama pale tu bati lililobaki linapolia, kwa sababu bati bovu halishiki moto. Ukilichomelea linatoboka tundu jipya. Nyundo alivaa miwani, akawasha grenda ya kukatia bati. Kufikia saa nne, sakafu ilikuwa na tundu la kupitisha sinia, na kizingiti chote kilikuwa chini, vipande vipande.

Sakafu angeweza kuikunja mwenyewe kwa bati jipya. Kizingiti, hapana. Kilikuwa na mikunjo miwili ya kiwandani, na kiwanda chenyewe kilishasahau kama kiliwahi kukitengeneza. Kilikuwepo mahali pamoja tu: Makaburini, yadi ya magari yaliyokufa. Huko lilikuwapo gari ndugu la hili, lililogongwa nyuma. Mwaka jana Nyundo alikigonga kizingiti chake kwa mkono wake mwenyewe. Kililia.

"Geti limefungwa, unajua," alisema Mjomba. "Wiki ya tatu hii."

"Nitabembeleza."

Getini askari alikuwa amekaa kwenye kiti cha gari kisicho na gari.

"Dada, usiniangalie hivyo," alimwambia Nyundo. "Hata mimi nimechoka kulinda kutu."

"Kizingiti kimoja tu, kaka yangu. Nusu saa."

Askari alielekeza kidole kwenye tangazo lililogongomewa getini. Kwa ajili ya usalama barabarani, ni marufuku kutoa, kuuza au kununua spea zilizotumika bila kibali.

"Kibali kinatolewa wapi?"

"Dirisha namba nne."

"Nani amepata?"

"Hakuna. Fomu zimeisha."

"Zimeisha lini?"

"Kabla hazijaletwa."

Nyundo hakucheka. Yadi ile ililisha mtaa mzima: waliofungua milango, waliotoa taa, wachomeleaji kama yeye. Fundi wa vioo, mtu aliyejua kutoa kioo cha mbele bila kukitia ufa, sasa alikuwa akiuza maji ya chupa kwenye foleni za magari. Akalisoma tangazo mpaka chini. Mkurugenzi wa Usalama wa Magari. Na saini. Mkia mrefu kama wa panya.

Alirudi gereji mikono mitupu, akamweleza Mjomba. Mzee akaketi juu ya tairi.

Saa nane Mkurugenzi aliingia, simu mkononi.

"Shikamoo, mkuu."

"Marahaba. Mbona naona ardhi ndani ya gari langu?"

"Palikuwa na kutu. Nimekata mpaka penye bati zima."

"Si ungeweka puti?"

Nyundo alichota vipande vya puti kwa kiganja, akampa. "Ilishawekwa. Na magazeti ndani. Mkuu, miaka yote hii umekuwa ukikanyaga magazeti."

Mkurugenzi alivitazama, akavimwaga chini. "Haya, tafuta kizingiti kingine."

"Kiko Makaburini. Geti limefungwa. Umelifunga wewe."

"Hilo tu?" Alianza kubonyeza simu. "Nampigia askari akupitishe. Unatoa, unafunga, kimyakimya."

"Mimi peke yangu?"

"Ulitaka niingize na ukoo wako?"

"Mafundi wote, mkuu. Andika karatasi. Watuandikishe, watukague, tutakubali. Lakini geti lifunguliwe."

"Binti, ile ni sheria. Spea zilizotumika zinaua watu."

"Na hiki chako?"

"Changu ni kimoja."

"Kila mtu gari lake ni moja. Wenye manne ni wachache."

Mkurugenzi alimgeukia Mjomba. "Mzee, huyu ni mwanao?"

"Mpwa wangu."

"Mwambie achanganye puti nipate gari Jumamosi. La sivyo nitatuma wakaguzi wapime mpaka upana wa choo chenu."

Mjomba aliinuka taratibu juu ya tairi. Gereji ile ilikuwa maisha yake, miaka ishirini na sita. Nyundo alimwangalia. Mjomba akisema weka, angeweka. Mjomba hakuwahi kukaidiwa mle ndani.

"Mkuu," alisema Mjomba, "nikimwambia, atanisikia. Ndiyo maana simwambii."

Kisha Mkurugenzi akacheka, kicheko kikavu kisichofika machoni.

"Mnadhani mafundi mko wawili mtaa huu?"

Baada ya nusu saa gari la kuvuta lilifika. Walilining'iniza lile la rangi ya maziwa kwa mnyororo, matumbo wazi. Mtaa ulikuwa umenyooka, na Nyundo, akiwa mlangoni, aliona kila kituo. Katika gereji ya kwanza fundi aliinama, akachungulia, akatikisa kichwa. Ya pili vilevile. Hakuna aliyekuwa amempigia mwenzake simu; hapakuwa na la kupanga. Katika gereji ya tatu sauti ilimfikia wazi, sauti ya mtu mwenye adabu zake zote:

"Kizingiti hicho kiko Makaburini, mkuu. Geti limefungwa. Jaribu dirisha namba nne."

Mtaa ukalipuka kwa kicheko. Wachomeleaji walitoka na miwani usoni, mpiga rangi akatoka na brashi yake, na mtu mmoja akauliza kwa sauti kama fomu zimeshaletwa.

Saa kumi na moja gari la kuvuta lilirudi kwa njia ileile. Mkurugenzi alikuwa mbele karibu na dereva, akitazama kioo kana kwamba mtaa haupo. Nyuma, gari lake liliyumba kwenye mnyororo, na kupitia tundu la sakafu lami ilionekana ikipita.

Mjomba alilitazama mpaka likakata kona.

"Kesho wakaguzi watakuja kutufungia," alisema.

Nyundo alikuwa ameshalala chini ya pikapu ya muuza mkaa, bisibisi mkononi.

"Waje. Waambie sisi huwa tunafungua saa moja."