Tumbo la Fisi

Mchoraji wa vibonzo gazetini alikuwa na kawaida ya kupaka wino tumbo mwisho. Alhamisi ile mtambo wa kuchapa ulikuwa umeshawashwa, mhariri kasimama mlangoni anatazama saa, basi akamkabidhi fisi mwenye tumbo jeupe. Chini yake aliandika jina la chama tawala. Alikusudia kutukana, tena waziwazi.

Wenyewe hata hawakununa. Jumatatu fisi alikuwa kwenye fulana, kofia na bendera, na katibu wa chama akaja na kreti ya soda kushukuru.

"Umetupatia kweli, kaka. Lile jua letu la zamani kwenye bendera halikuwa na mvuto hata kidogo."

Mwezi haujaisha, tumboni mwa fisi wakaanza kuonekana watu. Wa kwanza alikuwa mwenye duka la vitabu, aliyekataa kubandikiwa bango la chama. Alionekana kwenye fulana zote kwa pamoja, amekaa na miwani yake. Mkewe alinunua fulana mbili, moja ya kuvaa, nyingine ya kutundika ukutani. Polisi walisema hawawezi kufungua jalada la mtu aliyepotea ilhali anaonekana.

Dada yake mchoraji, muuguzi, aligombea udiwani kwa upinzani.

"Dada, achana nao, nakuomba."

"Uwachoree wewe, halafu ninyamaze mimi? Hebu nipishe huko!"

Jumapili hakurudi nyumbani. Kesho yake alikuwa tumboni, upande wa mbavu, na sare yake ya kazi. Mchoraji alilia mpaka akakauka sauti. Kisha akachora fisi upya, mwenye mlango ubavuni. Gazeti lilipotoka, mlango ulikuwa umeshonwa, mshono safi kabisa.

Siku ya kupiga kura, mbele yake kwenye foleni alisimama mke wa mwenye duka.

"Mimi nampa fisi," alisema mama yule. "Akishindwa, nani atamlisha? Na wetu si wamo humo humo?"

Kwenye karatasi ya kura fisi alikuwa wa kwanza. Tumboni mwake, dada alikuwa amekonda sana. Alimtazama kaka yake akatikisa kichwa, hapana, hapana.

"Nisamehe, dada," mchoraji alisema.

Msimamizi akamkumbusha kwamba hairuhusiwi kuzungumza na karatasi. Mchoraji akaomba radhi, akachovya dole gumba kwenye wino, akalibonyeza penye fisi.