Njia ya Mgeni

Mkono wa mtoto ulitangulia. Konsolata, aliyekuwa amezalisha wanawake wengi wa kijiji cha Yakobi, aliutazama ukianza kugeuka bluu, kisha akamtazama mwanawe, Oktavia, aliyeng'ata blanketi.

"Hii si kazi yangu tena," alisema. "Ni ya sista."

Hospitali ya misheni ilikuwa ng'ambo ya kilima, na machela ilitaka wanaume. Mume wa Oktavia alikuwa Tanga, akikata mkonge apate pesa ya kodi. Waliobaki kijijini jumbe alikuwa amewatoa wote kutengeneza barabara, maana Mzungu mkubwa kutoka Dar es Salaam angepita siku hiyo na motokaa.

Konsolata alimkuta jumbe Agustino akiwasimamia.

"Kamwene, mama," jumbe alimsalimu.

Hakuitikia. "Nipe watu wa kubeba machela. Oktavia anakufa."

"Leo watu ni wa serikali. Na kuzaa si ugonjwa. Mgeni akishapita, chukua hata kumi."

Wanaume waliinamia majembe yao. Lukas, shemeji yake Oktavia, aliinua kichwa. Jumbe akamtazama tu, naye akainama tena. Alikuwa ametoka jela juzi kwa kukwepa kazi hiyohiyo.

Mwanamke habebi machela, ndivyo wazee walivyosema. Konsolata na jirani yake Beatrisi waliishika mbele, wanawake wengine wawili nyuma, mmoja ana mtoto mgongoni. Walipofika barabarani tarishi wa jumbe akawazuia kwa fimbo.

"Hakuna kuvuka mpaka mgeni apite."

"Tunavuka tu, baba. Si kukaa."

"Nimesema!"

Waliishusha machela majanini. Jua likawawakia. Oktavia alipiga kelele, kisha akaacha, na huko kuacha ndiko kulikomtisha mama yake.

Hatimaye motokaa ikaja, watu wakaamriwa kupiga makofi. Ilisimama. Mgeni aliionyesha machela kwa kidole akauliza.

"Mgonjwa, bwana, anakwenda hospitali," jumbe alijibu, kofia mkononi. "Tunaishukuru serikali kwa barabara."

"Vizuri sana," alisema mgeni.

Vumbi lilipotua, Lukas alitupa jembe akakimbilia machela.

"Ondoka," Beatrisi alimwambia.

Konsolata alipenyeza mkono chini ya blanketi. Vile vidole vidogo vilikuwa baridi.

"Mama, tumefika?" Oktavia alinong'ona.

"Karibu, mwanangu."

Wakavuka. Nyuma yao jumbe alikuwa anafoka, akiita watu wenye majembe waje upesi wafukie nyayo za wale wanawake, kwa kuwa mgeni angerudi jioni.