Kichuguu cha Bibi Notburga

Mchezo niliutengeneza mwenyewe, kwa hiyo sina wa kumlaumu. Unachezwa kwenye simu. Mchezaji ni askari wa wanyamapori. Anafuata nyayo, anahoji wanakijiji, anaokota dalili moja moja mpaka agundue kakakuona amefichwa wapi. Nilitaka watu wajifunze kumlinda mnyama yule. Badala yake nimemuuza.

Kosa lenyewe ni la kijinga. Nilishindwa kubuni mlima, nikachora wa bibi yangu, Notburga, kule Litembo: mashimo ya ngoro, tunayochimba shambani ili mvua isizoe udongo, yakishuka mpaka bondeni, kahawa zake, vijito viwili, kichuguu kando ya shamba. Chini ya kichuguu hicho aliishi kakakuona wa kweli na mwanawe. Bibi alinionyesha mwaka jana, akininong'oneza kama tuko kanisani. Nikajiambia, watakaocheza ni watu wa Dar es Salaam na Arusha, nani atautambua mlima wa Litembo? Nilisahau kwamba huku kwetu Umatengoni kila ukoo una mlima wake, na hata mtoto wa darasa la tatu atakutajia upi ni wa nani.

Jumamosi asubuhi, nikiwa Mbinga mjini, nilisoma maoni ya wachezaji. Mmoja ameandika: "Hapa si kwa Bibi Notburga? Nimepajua kwa zile kahawa." Chini yake mwingine: "Kumbe yupo kweli?" Yameandikwa tangu Alhamisi. Alhamisi! Na mimi siku zote hizo nashangilia idadi ya waliopakua, mpumbavu mkubwa.

Nilimpigia Bwana Ambokile, afisa wanyamapori, nikamweleza yote. Nikampigia bibi, hapatikani. Simu yake huizima kutunza chaji. Nikapanda bodaboda ya Mansuetus. Njia ilikuwa tope tupu, tukaanguka mara mbili, na mara ya pili nilimfokea baba wa watu utadhani ndiye aliyeuchora ule mlima.

"Dada, nikiongeza mwendo tutafikia hospitali, si kwa bibi," akasema.

Sikucheka. Nililia njia nzima, nikiwaomba watakatifu wote ninaowajua, nikiahidi kufuta mchezo, kuacha kompyuta, chochote, ilimradi nimkute kakakuona.

Bibi alikuwa uani akianika mahindi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona tope mwili mzima?"

"Kakakuona yupo?"

Akanishangaa. "Si umewatuma mwenyewe? Wale vijana wawili wa jana. Wana adabu, waliniamkia vizuri. Wakanionyesha kwenye simu mlima wangu, kahawa zangu, na jina lako, Ottilia, limeandikwa. Wakasema majangili wameshajua alipo, umewaagiza wampeleke hifadhini."

Nilikimbilia shambani. Kichuguu kilikuwa kimefunguliwa ubavu mmoja, taratibu, udongo umewekwa pembeni kwa mpangilio. Nikapiga magoti, nikaingiza mkono mpaka begani. Hamna kitu. Nikaendelea kupapasa, ingawa nilishajua.

Bibi akafika nyuma yangu, anahema.

"Nilichimba mwenyewe," akasema. "Wale hawajui kushika jembe, wangemkata. Mtoto alikuwa amemng'ang'ania mama mkiani. Nimewatoa wote wawili, hawana hata mchubuko. Nikawawekea na maji ya kunywa, maana safari ni ndefu."

Simu yangu ikaita. Alikuwa Bwana Ambokile, na sauti yake ilikuwa chini.

"Tumewakamata vijana wawili njia ya Kingerikiti," akasema. "Pole sana, dada. Tumekuta magamba tu. Makubwa na madogo."

Nikakata simu. Nilitaka kupiga kelele, nimwambie bibi kila kitu, anipige na hilo jembe lake. Lakini alikuwa ameniinamia, uso umejaa furaha ya mtu aliyefanya kazi vizuri.

"Ni wao?" akauliza. "Wamefika salama?"

"Wamefika, bibi."

Akamshukuru Mungu kwa sauti, akajipangusa udongo mikononi, akaniuliza ni lini nitampeleka akawaone.